Mikunga Wawili wa Chef Étienne

Beni, commune Ruwenzori, Jumatatu 6 Mei 2024

Tantine Kavira mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yako yawe yamekubali kupanda kilima cha kanisa bila kukugombeza. Huku tuko. Mvua inanyesha kila alasiri, na mke wa ndugu yangu Kitsa amejifungua mtoto wa kike salama. Wamempa jina la bibi yetu, kwa hiyo jiandae kuombwa kitenge.

Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyotuzoeza tangu masikio yako yalipochoka. Safari hii nafurahi kwamba huna simu. Hapa bureau, ofisini kwetu, simu ya mmoja ni redio ya wote.

Shida yangu ni hii. Unamjua mkubwa wangu, Chef Étienne, yule aliyetumwa kwetu kutoka Moanda, kule mto unakoingia katika bahari. Juzi Jumamosi ameitwa Kinshasa kwa mission ya wiki tatu: kusafisha liste za wafanyakazi wa serikali, kuondoa majina ya watu wasiokuwepo. Mimi ameniachia ufunguo wa nyumba yake, kwa sababu ya samaki.

Ni samaki wawili, Tantine, warefu kama mkono wangu, wenye sura ya nyoka na madoa ya manjano. Kwa Kifaransa ni anguilles. Wanaishi saloni, yaani sebuleni, ndani ya sanduku kubwa la kioo lenye kifuniko kizito. Aliwanunua Kampala, na muuzaji alimwapia kwamba ni samaki wa mto, maji ya bomba yanawatosha. Chef anawapenda kwa sababu wanamkumbusha kwao. Mkubwa anaitwa Titulaire na mdogo Suppléant, kama mgombea na mbadala wake kwenye uchaguzi. Ameniachia ukurasa mmoja wa maagizo. La nne amelipigia mstari: «Maji yasibadilishwe tabia.» La saba: kila Ijumaa niandike rapport, Précieuse wa secrétariat aipige picha na kumtumia kwa simu ya bureau. Rapport ina mistari mitatu: effectif, yaani walioandikishwa; présents, yaani waliopo; na chakula.

Précieuse alicheka mpaka akakaa chini. «Mathe, weye njo préfet ya nyoka sasa!»

Mimi sicheki. Dossier yangu, faili la kuomba namba ya matricule, ile ya utumishi wa serikali, iko juu ya meza ya chef, haijasainiwa. Miaka miwili nafanya kazi bila namba hiyo. Nakuja kila siku, nachapa kila siku, na kwenye liste ya serikali sipo. Akirudi na kukuta samaki wake hawapo, unadhani atasaini?

Na tangu Jumamosi hawali. Nawapa vipande vya samaki wa ziwa kwa koleo, wanageuza kichwa. Macho ya Titulaire yameanza kuwa na ukungu. Wewe umefundisha watoto miaka thelathini, na sasa unauza chumvi dukani na kuongea na watu wa kila aina. Nifanye nini?

Mwanao mwenye hofu,
Mathe


Butembo, Jumatano 15 Mei 2024

Mathe mwana wa kaka yangu,

Barua yako ilifika kwa mkono wa dereva Syauswa siku nne baada ya tarehe yake, kwa sababu huku tulikuwa na ville morte, mgomo wa mji mzima, na magari hayakutembea. Magoti yanakusalimu. Kitenge cha mtoto kiko tayari, lakini wasinihimize.

Kwanza nikurekebishe, maana ualimu hautoki mwilini. Neno la Kiswahili ni mkunga, na wengi ni mikunga. Usije ukaandika «wakunga» katika rapport. Kinshasa watafikiri mkubwa wako anafuga wazalishaji ndani ya kioo.

Pili, nilikwenda kwa Zorobabel, aliyefundisha biologie darasa linalotazamana na langu. Sasa ni mzee, lakini akiulizwa kuhusu samaki anasimama wima. Alisoma barua yako mara mbili akasema: «Muuzaji alimudanganya. Hao hapana ya mutoni. Ni ya pale maji ya muto na ya bahari yanachangana.» Anasema katika maji matupu wanaweza kuvumilia miezi, mwaka hata, huku wanaisha polepole: wanakataa chakula, macho yanaingia ukungu, ngozi inatoa ute. Wanahitaji chumvi. Si nyingi kama ya bahari, wala si ya kuonja tu. Na iingie kidogo kidogo.

Basi tia chumvi ya mawe, usitie hii laini ya mezani. Vijiko viwili kwa kila ndoo ya maji, uyeyushe kwanza pembeni.

Najua agizo la nne. Lakini mkubwa wako aliagiza hivyo kwa sababu alidanganywa, na samaki hawajui kusoma maagizo.

Kula vizuri wewe mwenyewe. Mama yako alisema ukiwa na hofu unaacha kula, sawasawa na hao wageni wako.

Shangazi yako,
Kavira Antoinette


Beni, Jumatano 29 Mei 2024

Tantine mpendwa,

Salamu nyingi. Afya yangu ni nzuri. Mtoto wa Kitsa anaongezeka uzito.

Chumvi nilitia kama ulivyoandika. Asante sana. Mwambie mwalimu Zorobabel asante pia. Hali si mbaya. Anakula kidogo, hasa minyoo ya ardhini ambayo nachimba nyuma ya nyumba.

Mission ya chef imeongezwa, hatujui mpaka lini. Rapport nazituma kila Ijumaa.

Nina swali moja dogo, bila sababu yoyote: hiyo chumvi ya mawe unayouza dukani kwako inatoka wapi hasa?

Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Mathe


Butembo, Alhamisi 4 Julai 2024

Mathe mwanangu,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Nyumba yangu imejaa. Binamu yako Kahongya amekimbia vita kutoka Luofu kwa miguu na watoto wanne, na wakwe zake wa Kayna wakamfuata siku tatu baadaye. Sebule ni ya wazee, duka ni la watoto. Wanalala juu ya magunia ya chumvi na asubuhi wanaamka na alama za nyuzi mashavuni. Mdogo wao amelamba gunia moja mpaka likatoboka. Tunacheka, kwa sababu la sivyo tungekaa tukitazamana. Shamba lao lilikuwa na viazi vya kuvuna. Hawavitaji, na sisi hatuwaulizi.

Sasa wewe. Nimesahihisha insha miaka thelathini. Mwanafunzi anayeficha kitu anaandika sentensi fupi. Barua yako ya kwanza ilijaa kurasa mbili, ya pili haikujaa moja. Tena uliandika «anakula kidogo». Mwezi wa tano walikuwa hawali, wawili. Sasa anakula, mmoja. Yupi?

Kuhusu swali lako dogo: chumvi ni chumvi, inatoka mahali pengi. Niulize jambo lingine.

Titulaire hajambo?

Shangazi yako


Beni, Jumanne 9 Julai 2024

Tantine,

Nisalimie Kahongya na watoto wote. Nimeona haya kuandika habari za samaki wakati watu wanalala juu ya magunia. Lakini umeniuliza, na hakuna mwingine anayejua.

Titulaire alikufa. Ilikuwa Jumatatu tarehe 20 Mei. Asubuhi nilimkuta chini kabisa ndani ya kioo amegeuka tumbo, mwili wote una ute mweupe. Suppléant alikuwa amepanda juu kabisa, pua imegusa kifuniko, anavuta pumzi kama mtu aliyekimbia. Nilimtoa kwa ndoo, nikatupa maji yote, nikamrudisha katika maji mapya yaliyotulia, na yeye akapona. Titulaire nimemzika nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, katika boksi la karatasi za bureau.

Alikufa tu. Alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Wewe usijifikirie chochote.

Ijumaa ile nilikaa mbele ya mashine. Effectif: wawili. Hilo niliweza kuliandika, maana alikuwa bado hajafutwa. Kisha mstari wa présents. Vidole vyangu vikaandika wawili. Nikajiambia wiki ijayo nitarekebisha. Lakini ukishaandika wawili mara ya kwanza, ya pili unaandika ili kuilinda ya kwanza. Sasa ni rapport saba. Fikiria, Tantine: mimi niko hai na siko kwenye liste, yeye amekufa na yuko kwenye liste. Tena chef yuko Kinshasa anawatafuta watu wa namna hiyo hasa!

Jumapili iliyopita alipiga simu ya video baada ya misa. Nilikuwa saloni kwake, sikuwa na pa kukimbilia.

«Mathe! Onyesha batoto yangu.»

Nikaelekeza simu upande wa kushoto, Suppléant alikuwa amelala pale.

«Ule njo nani?»

«Suppléant, chef.»

«Na mukubwa wake iko wapi?»

Nikageuza simu ukutani, nikasema réseau ya simu inasumbua. Kwa kidole nikagonga kioo polepole, Suppléant akasogea mpaka nyuma ya jiwe la kulia. Nikamwonyesha tena, mkia tu.

«Njo ule, chef. Titulaire.»

Chef akasogea. Uso wake ulikuwa karibu sana na simu, niliona pua na jicho moja tu.

«Amekonda,» akasema. «Umupatiye chakula ya muzuri, hein?»

«Ndiyo, chef.»

Nilipokata simu nilikaa sakafuni. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Suppléant alitoka nyuma ya jiwe akaja kunitazama, au kunusa. Nasikia hawaoni vizuri. Na yeye ameanza tena: tangu wiki iliyopita anakataa minyoo, na jicho lake la kushoto lina ukungu. Maji ni matupu. Chumvi naogopa hata ya kutia kwenye mboga.

Usimwambie mtu.

Mathe


Butembo, Jumanne 16 Julai 2024

Mathe,

Safari hii salamu zitangoja.

Uliniandikia nisijifikirie chochote. Ndiyo maana nimejua. Mtu ambaye hakuona kosa langu hangenikataza kulifikiria.

Mimi nililijua kosa langu tangu uliponiuliza chumvi inatoka wapi. Nilisoma swali lile nikiwa nimesimama dukani, nikakaa. Huku dukani chumvi ya bahari ya chengachenga, ile inayokuja kwa magunia kutoka pwani ya Kenya, wachuuzi wa jumla wanaiita «ya mawe» kwa sababu chenga zake ni kubwa. Nimezoea kusema hivyo, na nikaandika hivyo. Lakini wewe ulikulia nyumbani kwa kaka yangu, aliyefuga mbuzi, na kwa mtu aliyekulia na mbuzi chumvi ya mawe ni moja tu: yale mabonge ya kijivu ya ziwa la Katwe, Uganda, ambayo mbuzi wanalamba na wamama wanalainishia maharagwe. Niambie kama si hiyo uliyoponda. Nilikwenda kumwuliza Zorobabel, akashika kichwa. Anasema ile ina magadi ndani, inaunguza ngozi ya samaki kama sabuni ya kufulia.

Kisha nikakuandikia kwamba chumvi ni chumvi. Mimi, mwalimu, niliyewapiga watoto fimbo kwa kuandika neno lisilo wazi. Nilidhani nikinyamaza na wewe ukinyamaza, samaki atakuwa amekufa kwa ugonjwa na tutabaki tunapendana. Kumbe wewe huko unabeba uongo kila Ijumaa ili mimi nisijue.

Neno lilikuwa langu. Mwandikie mkubwa wako hivyo. Weka jina langu lote, Kavira Antoinette, mwalimu mstaafu. Mimi hawezi kuninyima namba, nilishaipata na pensheni yenyewe siioni.

Syauswa anakuletea pakiti mbili za ile ya bahari. Nimeandika juu ya kila pakiti kwa wino mwekundu: YA BAHARI. Yeyusha katika ndoo, kijiko kimoja tu siku ya kwanza, siku tatu pumzika, kisha kimoja tena. Usikimbie.

Kahongya anasema na yeye anamwombea huyo Suppléant. Nilimweleza habari zake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Luofu. Kwa hiyo samaki wako amefaa kitu.

Shangazi yako


Beni, Jumapili 28 Julai 2024

Tantine mpendwa,

Ndiyo, ilikuwa ya Katwe. Niliiponda kwa jiwe la pilipili, nikatia yote siku moja kwa sababu niliogopa kwamba nimechelewa. Wewe uliandika «kidogo kidogo». Hilo lilikuwa wazi, na mimi ndiye niliyeharakisha. Basi tugawane kosa.

Pakiti zimefika. Kijiko cha kwanza nilitia Jumapili iliyopita. Alhamisi cha pili. Nimekaa mbele ya kioo nikihesabu pumzi zake. Hakupanda juu.

Ijumaa niliandika rapport namba kumi na mbili. Nakunakilia:

«Effectif: mmoja. Présent: mmoja, Suppléant. Titulaire alikufa tarehe 20 Mei kwa chumvi ya aina mbaya niliyotia mimi, kinyume cha agizo la nne. Katika rapport namba tatu hadi kumi na moja niliandika wawili. Haikuwa kweli. Chakula: bado hajaanza kula.»

Jina lako sikuliweka. Unaweza kunigombeza.

Précieuse aliisoma akasahau kutafuna andazi. «Mathe, weye iko muzima? Tubakishe tu babili! Chef akirudi tutatafuta ingine ku Kasindi!» Nikamwambia apige picha kabla sijabadili mawazo. Akapiga. Alama mbili zikawa za buluu dakika ileile. Leo siku ya pili, hakuna jibu, hata neno moja.

Mathe


Butembo, Jumatatu 5 Agosti 2024

Mathe,

Nimekugombeza hapa peke yangu, kwa sauti, watoto wa Kahongya wakakimbia. Imekwisha.

Sina la kufundisha. Mimi pia kila gari la Beni likisimama naangalia kama Syauswa anashuka na bahasha. Andika hata kama ni vibaya. Hasa kama ni vibaya.

Shangazi yako


Beni, Ijumaa 23 Agosti 2024

Tantine Kavira mpendwa,

Naomba ukae kwanza, na magoti yapumzike, kwa sababu hii ni ndefu.

Chef hakujibu siku ishirini na mbili. Jumamosi iliyopita, tarehe 17, alishuka uwanja wa ndege bila kumwambia mtu. Nilikuwa saloni kwake nabadilisha maji ya ndoo, nikasikia mlango. Hakunisalimia. Aliweka sanduku chini, akafungua kifuniko cha kioo, akachovya kidole, akakiweka mdomoni.

Kisha akachovya tena.

«Hii maji,» akasema, «ni ya kwetu. Pale muto inaishia, tukioga tuko batoto, ilikuwa hivi hivi mu kinywa.» Akanigeukia. «Titulaire ulimuzika wapi?»

Nikamwonyesha mparachichi. Alisimama pale na kofia mkononi. Sikujua kama niondoke au nisimame naye. Nikasimama.

«Na kwa simu, ule alikuwa mukia ya nani?»

«Ya Suppléant, chef.»

«Nilijua. Titulaire mukia yake ilikatika ku Kampala.» Akavaa kofia. «Kesho kutwa, bureau, saa mbili.»

Tantine, alijua tangu Julai! Jumapili yote sikuweza kumeza hata uji.

Jumatatu aliniita mbele ya watu wote. Juu ya meza alikuwa amepanga rapport zangu, amezichapisha zote. Akasoma kwa sauti ya kwenye mkutano: «Namba tano. Effectif, babili. Présents, babili. Chakula, banakula muzuri.» Akatazama watu. «Ule mufu anakulaka muzuri!» Wote wakacheka, hata mlinzi mlangoni. Précieuse alijificha nyuma ya mashine. «Miezi tatu niko Kinshasa,» akasema, «natafuta batu bafu benye bako ku liste. Na ku nyumba yangu iko mumoja, na ni mimi namulisha!»

Kisha hakucheka tena. Akanipa kalamu nyekundu. Alitaka nifute «wawili» kwenye kila rapport, niandike «mmoja» pembeni, niweke tarehe na paraphe, sahihi yangu fupi. Tisa. Nilifanya pale pale nimesimama. Hakuna aliyeondoka. Kwenye ya tisa wino ulianza kukauka na ilibidi nirudie.

Akazichukua, akaongeza ya kumi na mbili, akafungua dossier yangu ya matricule, akazibana zote ndani yake, nyuma ya cheti changu cha diplôme d'État. «Zitabakia humu. Mwenye atafungua, atasoma.» Halafu akasaini. Nilisikia kalamu ikipita. Akaigonga muhuri mara mbili, kwa sababu ya kwanza haikushika.

Dossier ilikwenda Jumatano. Namba yenyewe itachukua miezi, labda zaidi, na mahali fulani mtu nisiyemjua atakaa na kusoma habari za mikunga. Bado naogopa. Lakini nimekula wali sahani mbili leo.

Chef anaomba jina la aliyenipa chumvi ya pili. Nimemwambia. Anauliza kama unaweza kumuuzia gunia zima, na anakuita «Mama ya Bahari», nawe usikasirike.

Mwambie Kahongya. Na hii ni rapport yako wewe, ya leo Ijumaa:

Effectif: mmoja. Présent: mmoja. Chakula: minyoo mitatu, akarudi kutafuta wa nne.

Mwanao,
Mathe